Nyumba yako na tetemeko la ardhi: mwongozo kamili kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Kila ardhi inapotikisika huku kwetu, ninaletewa habari zilezile. Familia imekimbia nje gizani na mtu mzima ameumia kwenye ngazi. Au kabati lilifungwa ukutani vizuri kabisa, lakini siku ya siku likaja chini pamoja na skrubu zake na kipande cha lipu.

Watu hawa si wazembe. Walisikia ushauri wakaufuata, ila ushauri wenyewe walipewa nusunusu. Waliambiwa wafunge kabati bila kuambiwa skrubu iingie hadi wapi. Waliambiwa wajikinge bila kuonyeshwa wajikinge sehemu gani ya nyumba yao. Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua, kwa nyumba kama zetu: kuta za bloku, paa la bati, uzio mrefu, tanki juu ya mnara, mtungi wa gesi jikoni. Ukiwa na drili, kazi ya ndani ya nyumba ya vyumba vitatu inaisha Jumamosi moja.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

Kwa kazi ya nyumba:

- Drili na biti ya ukuta ya milimita 8. Kama huna, azima kwa fundi wa jirani.
- Fisha za milimita 8 (vile vya plastiki vinavyoingia tunduni ili skrubu ishike) na skrubu zake zenye urefu wa sentimita 6 au zaidi.
- Engo za chuma (vipande vilivyopinda kama herufi L), mbili kwa kila kabati.
- Mnyororo mwembamba au mkanda wa kufungia mizigo, kwa ajili ya mtungi, friji na runinga.
- Komeo ndogo za milango ya makabati ya vyombo.
- Tepu ya kupimia na penseli.

Kwa dharura:

- Madumu 3 ya lita 20 yenye mifuniko inayokaza, kwa familia ya watu watano.
- Tochi moja kila chumba cha kulala, redio ya betri na filimbi.
- Boksi la huduma ya kwanza, pamoja na dawa za anayemeza dawa kila siku.
- Viatu vya kufunika vidole, jozi moja kwa kila mtu.
- Nakala za vitambulisho, kadi za bima na hati ya kiwanja, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Usisubiri orodha ikamilike. Ukipata fisha na engo leo, anza leo.

## Kinachotokea chini ya miguu yako

Sehemu hii ni fupi, lakini usiiruke. Hatua zote zinazofuata zinatokana na mambo yaliyomo humu.

Mikoa yetu imekaa kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Tabaka gumu la dunia limegawanyika katika vipande vikubwa viitwavyo mabamba, na hapa bamba la Somalia linajitenga na bamba la Nubia kwa milimita chache kila mwaka. Miamba haiachiani polepole. Inashikana, inavutika miaka na miaka, kisha inakatika ghafla kwenye ufa wa chini, na nguvu yote iliyolimbikizwa inatoka kwa mawimbi. Hilo ndilo tetemeko.

Kaskazini mwa Tanzania kuna chanzo cha pili: uji wa moto wa volkano unaojipenyeza kati ya miamba na kuipasua. Julai 2007 ulijipenyeza chini ya mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron. Matetemeko yalianza tarehe 12, na kubwa kuliko yote, lenye ukubwa wa 5.9, likaja tarehe 17. Lilisikika Arusha na hata Nairobi. Septemba mwaka huohuo mlima jirani wa volkano, Oldoinyo Lengai, ukalipuka. Kumbuka tarehe hizo mbili za Julai, tutazirudia katika hatua ya mwisho.

Mawimbi yanafika kwa zamu. La kwanza lina kasi kubwa, kama kilomita 6 kwa sekunde, na linakuja kwa mshtuko mfupi au mngurumo kama wa lori lililojaa mzigo likipita barabarani. La pili ni la polepole zaidi, kama kilomita 3.5 kwa sekunde, nalo ndilo linaloyumbisha kuta. Kutoka Gelai hadi mjini Arusha ni kama kilomita 90. Piga hesabu utaona kwamba kati ya mngurumo na kuyumba kwenyewe kuna sekunde kama kumi. Kitovu, yaani mahali tetemeko linapoanzia, kikiwa karibu zaidi, sekunde zinapungua. Mazoezi ya hatua ya tano ni ya kuzitumia sekunde hizo.

Jambo la mwisho: ukubwa wa tetemeko peke yake hauamui maafa. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilipigwa na tetemeko la 5.9, ukubwa uleule wa Gelai. Kagera watu zaidi ya 15 walifariki, mamia waliumia, maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, na Shule ya Sekondari Ihungo ikaharibiwa vibaya. Gelai hakukuwa na msiba wa aina hiyo, kwa sababu wakazi wa pale ni wachache na makazi mengi ni mepesi. Kilichowaua watu wa Kagera ni kuta na matofali. Sasa tazama ukuta uliouegemea.

## Hatua ya 1: Kagua nyumba ukiwa umelala kitandani

Anzia kitandani, kwa sababu usiku ndipo familia nzima iko ndani na hakuna aliye tayari. Lala kama unavyolala siku zote, angalia juu na pembeni, ujiulize: kikitikisika chumba hiki, ni kitu gani kitanifikia kichwani? Rudia kwenye kitanda cha kila mtoto. Lala hapohapo wanapolala, usikadirie ukiwa umesimama mlangoni.

Utayaona yaleyale niliyoyaona katika nyumba nyingi: sanduku la chuma juu ya kabati la nguo, kioo kikubwa kilichoning'inizwa kwa msumari mmoja, picha ya harusi yenye fremu nzito juu ya mto, pasi kwenye ukingo wa rafu. Vyote hivyo vishushe leo. Kushusha sanduku hakuhitaji fundi wala fedha, na kunapunguza hatari kuliko kitu kingine chochote utakachofanya wiki hii.

Kisha tembea kutoka chumbani hadi nje kwa njia ambayo ungeipita usiku. Weka alama ya penseli kwenye kila kitu kinachoweza kuanguka na kuziba njia hiyo. Mara nyingi ni shokesi ya sebuleni au rafu ya viatu kwenye korido.

Umefaulu ikiwa hakuna kitu kizito kilichobaki juu zaidi ya kichwa cha mtu aliyelala, na njia ya kutokea ina nafasi hata kabati la karibu likianguka.

## Hatua ya 2: Funga vitu vizito, na skrubu ifike kwenye tofali

Hapa ndipo wengi mnakwama, kwa hiyo twende taratibu.

Ukuta wa huku una ngozi mbili. Nje ni rangi na lipu, ambayo mara nyingi ina unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili. Ndani ndiko kuna tofali lenyewe. Skrubu ya sentimita 3 inapita kwenye bawa la engo na kwenye lipu, na ncha inayogusa tofali ni ndogo mno. Siku ya kawaida inashika, hata ukining'iniza koti. Siku ya tetemeko kabati linavuta na kuachia mara nyingi ndani ya sekunde chache, lipu inapasuka kuizunguka fisha, na kila kitu kinakuja chini.

Fanya hivi:

1. Simamisha kabati mahali pake, weka engo juu kabisa, moja kila upande. Engo za chini hazisaidii, kwa sababu kabati linaanguka kwa kichwa.
2. Upande wa kabati, skrubu iingie kwenye mbao ya fremu. Ubao mwembamba wa mgongoni unachanika kama karatasi, usiutegemee.
3. Weka alama ukutani, sogeza kabati, toboa tundu lenye kina cha sentimita 6 au 7. Angalia vumbi. Likibadilika rangi au biti ikianza kukaza zaidi, umeivuka lipu.
4. Ukiona biti imezama ghafla bila kazi, umeangukia kwenye kiungo cha udongo kati ya matofali, au tofali lenyewe ni bovu. Hama sentimita tano na utoboe tena.
5. Puliza vumbi lote litoke. Fisha iingie kwa kugongwa taratibu mpaka ipite lipu na kukaa ndani ya tofali. Fisha inayoingia kwa kidole ni ndogo kwa tundu hilo.
6. Kaza skrubu.

Kwenye nyumba kongwe za tofali za kuchoma, zima kitufe cha drili kinachogongagonga. Kile kinapasua tofali kwa ndani na huwezi kuona. Nyumba ya mbao ni rahisi zaidi: tafuta nguzo ya ndani kwa kugonga kwa vidole, na skrubu iingie kwenye nguzo, isiingie kwenye mbao ya nje peke yake.

Umefaulu hivi: shika kabati kwa juu kwa mikono miwili, livute kwa uzito wa mwili wako. Kama kati ya kabati na ukuta hapafunguki hata upenyo wa sarafu, kazi imekamilika. Likicheza, toboa upya mahali pengine. Usikaze tundu lilelile kwa kijiti cha kiberiti.

Baada ya kabati la nguo fuata shokesi, friji, rafu za vitabu, kisha runinga, ambayo ifungwe kwa mkanda kwenye meza yake au ukutani. Vyombo vizito vihamie rafu ya chini na milango ya kabati la vyombo iwekewe komeo. Kwa wenye maduka, soko la Kilombero kwa mfano: ndoo za rangi na mafuta ya kupikia zikae chini, sabuni na tishu juu.

Wewe uliyepanga, muombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa. Mwonyeshe kwamba tundu la milimita 8 linazibwa kwa lipu siku unapohama. Akikataa, hamisha kabati likae mbali na vitanda na lisikabili mlango. Si sawa na kulifunga, lakini likianguka litaanguka sakafuni.

## Hatua ya 3: Gesi, umeme na tanki la maji

Moto baada ya tetemeko unaweza kuleta hasara kuliko tetemeko lenyewe. Mtungi mkubwa wa gesi usimame sakafuni, ufungwe kwa mnyororo ukutani kwenye theluthi ya juu. Mtungi mdogo wenye jiko juu yake usiwekwe mezani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya, kwa hiyo mtu anaweza kusimama jikoni asisikie harufu mapema. Kila mtu wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi, ajue kufunga koki ya mtungi kwa mkono bila kutazama. Mpe nafasi afanye mwenyewe mbele yako.

Ukisikia harufu ya gesi baada ya mtikisiko, usiwashe wala kuzima taa. Hata cheche ya swichi inatosha. Funga koki, fungua milango na madirisha, toka.

Meinswichi nayo ijulikane ilipo, na njia ya kuifikia isizibwe na magunia ya mahindi.

Sasa tanki. Tanki la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, nasi tunaliweka juu ya mnara wa milunda karibu na dirisha la chumba cha watoto. Mnara wenye miguu minne iliyosimama wima tu, bila mbao za mshazari, unalala upande mmoja ukitikiswa. Piga mbao za mshazari pande zote nne, kwa bolti. Misumari peke yake inachomoka. Funga tanki lenyewe kwa mkanda kwenye jukwaa. Kama mnara uko chini ya mita chache kutoka ukuta wa chumba cha kulala, uhamishe kabla ya masika.

## Hatua ya 4: Amua mapema, kubaki ndani au kutoka

Hakuna jibu moja kwa nyumba zote, na anayekwambia lipo anakupotosha. Angalia nyumba yako.

Nyumba ya bloku yenye lenta (mkanda wa zege na nondo unaozunguka juu ya kuta), au ghorofa: baki ndani. Watu wengi wanaumia wakikimbia, kwa vioo, ngazi, matofali ya juu ya mlango na uzio. Inama, jifunike, shikilia. Ingia chini ya meza imara, funika shingo kwa mkono mmoja, shika mguu wa meza kwa mwingine, na meza ikitembea utembee nayo. Meza ya kioo haifai. Kama hakuna meza, inama kando ya ukuta wa ndani, mbali na madirisha, mikono juu ya kichwa na shingo. Ukiwa kitandani baki hapohapo, lala kifudifudi, mto juu ya kichwa.

Nyumba ya matofali ya udongo au mawe isiyo na lenta, chumba cha chini: ukiwa hatua chache kutoka mlango unaofungukia uwanja ulio wazi, toka mara moja kwenye mngurumo wa kwanza. Ukiwa mbali na mlango, jikinge ulipo. Kuta za namna hii ndizo zinazoporomoka zote kwa pamoja, na ndiyo sababu kanuni inabadilika.

Fremu ya mlango haina nguvu ya ziada katika nyumba za kisasa, na mlango wenyewe unaweza kukubana vidole. Achana nayo.

Chagua pia mahali pa kukutana nje. Uzio wa bloku wenye urefu wa mita mbili, usio na nguzo za zege, ni kati ya vitu vya kwanza kuanguka. Viwanja vya Njiro na Sakina vingi vina korido nyembamba kati ya nyumba na uzio. Hapo si mahali pa kusimama. Kaa mbali na ukuta kwa umbali unaozidi urefu wake mara moja na nusu, na usisimame chini ya nyaya za umeme. Walio Kibosho, Marangu au Old Moshi wanaweza kutoka hadi katikati ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, mbali na migrivea mikubwa na mbali na kingo zilizochongwa.

## Hatua ya 5: Fanyeni mazoezi mpaka mwili ujue

Mtu aliyeshtuka usingizini hafikiri, anafanya alichozoea. Usipomzoesha kujikinga, atakimbia.

Siku ya kwanza waelezeni watoto mchana, kwa utulivu. Kila mmoja aonyeshe mahali pake pa kujikinga katika kila chumba. Halafu mtu mmoja aseme "Tetemeko!" na wote wawe wamejifunika kabla hajamaliza kuhesabu hadi kumi, zile sekunde za Gelai. Wabaki hapo mpaka wahesabu sitini, ndipo watoke kwa kutembea hadi mahali pa kukutana. Wiki inayofuata fanyeni usiku, taa zikiwa zimezimwa, mkianzia vitandani.

Bibi asiyeweza kuinama akae kwenye kiti, ainame mbele, afunike shingo kwa mikono. Anayetumia kiti cha magurudumu afunge breki na kufanya hivyohivyo. Mtoto mchanga anachukuliwa na mtu mmoja aliyekubaliwa mapema. Wazazi wawili wakimkimbilia mtoto mmoja, yule wa pili anasahaulika.

Muulize mwalimu mkuu wa shule ya mwanao kama wanafunzi wamewahi kufanya zoezi hili. Darasa la watoto hamsini na mlango mmoja linahitaji nidhamu ya madawati: chini ya dawati kwanza, kutoka baadaye kwa mstari.

Umefaulu siku mtoto mdogo kuliko wote anapoingia chini ya meza bila kukutazama usoni.

## Hatua ya 6: Maji na mfuko wa siku tatu

Kadiria lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu watano kwa siku tatu ni lita 60, yaani yale madumu matatu. Yakae chini, kivulini, na maji yabadilishwe kila baada ya miezi michache.

Kwa nini uhifadhi wakati bomba lipo? Mabomba yanapasuka na chemchemi hutibuka baada ya ardhi kutikisika. Maji yaliyotibuka yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, na maji ya visima vingi kuzunguka Meru yana floraidi nyingi. Kwa hiyo jaza madumu kutoka chanzo unachokunywa siku zote, usikimbilie kisima chochote siku ya dharura.

Viatu na tochi vikae chini ya kitanda, vimefungwa kwenye mguu wa kitanda kwa kamba ili visitupwe mbali. Vioo vilivyovunjika sakafuni vinakata nyayo za watu waliokuwa wamesalimika. Mfuko wenyewe ukae karibu na mlango.

## Hatua ya 7: Unayejenga, simama na fundi siku ya lenta

Kama bado unajenga, siku hii moja ina thamani kuliko hatua zote zilizotangulia. Lenta inayozunguka nyumba nzima bila kukatika inazifunga kuta nne zivutane. Ikikatika kwenye kona, kila ukuta unabaki peke yake, na ukuta ulio peke yake unaanguka kuelekea nje.

Kabla zege halijamwagwa, panda ngazi uangalie mwenyewe:

- Nondo: nne za milimita 12, na ringi (vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo) kila sentimita 20, zisogezwe hadi sentimita 15 karibu na kona.
- Kona: nondo zipinde na kuendelea kwenye ukuta wa pili. Mafundi wengi wanazikata zinapofika kona na kuzipanga zikutane tu, kwa sababu kupinda kunachosha. Mwambie azipinde, na usiondoke mpaka azipinde.
- Maungio: nondo mbili zinapoungana zilaliane sentimita 60, zifungwe kwa waya. Maungio yote yasiwe mahali pamoja.
- Ringi: ncha zake zikunjwe kuingia ndani. Ncha iliyokunjwa kwa kona tu inafunguka mtikisiko ukija.
- Zege: kipimo kimoja cha simenti kwa viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Maji kidogo, zege linalotiririka kama uji limeshapoteza nguvu.
- Kumwagilia: siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni. Nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28.

Kuna jambo jingine lililozoeleka sana: kusimamisha matofali badala ya kuyalaza ili yatoshe. Ukuta unakuwa mwembamba na mrefu. Kwa ukuta wa nje unaobeba paa, laza tofali. Ukiishiwa, jenga chumba kimoja kidogo zaidi.

Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa nondo au chuma kilichozamishwa ndani ya zege. Pembetatu ya matofali juu ya ukuta wa mwisho ni hatari kubwa kwa aliyelala chini yake. Paa linaloteremka pande zote nne linaiondoa kabisa, au ujaze pembetatu hiyo kwa mbao au bati. Uzio nao uwe na nguzo ya zege yenye nondo kila baada ya mita tatu hivi.

Aliyekwisha jenga bila lenta asikate tamaa. Punguza uzito wa juu, hamisha vitanda kutoka kwenye ukuta mrefu usio na ukuta wa kuukatiza, na muite fundi mwenye uzoefu akuongezee nguzo na mkanda wa zege kwa nje, kwa ushauri wa mhandisi wa halmashauri.

## Hatua ya 8: Mtikisiko ukisimama

Usikimbie mara ukimya unapoingia. Hesabu tena hadi thelathini, vaa viatu, angalia walio karibu nawe, ndipo utoke. Funga gesi na meinswichi ukiwa njiani, kama ni salama kufika; ukisikia harufu ya gesi, meinswichi usiiguse. Moto au mtu aliyenaswa: Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ukinaswa wewe, gonga bomba au piga filimbi; kupiga kelele kunamaliza pumzi na kukuvutisha vumbi.

Turudi sasa Julai 2007: mitikisiko ilianza tarehe 12 na mkubwa ukaja tarehe 17. Wa kwanza kupita salama si ahadi kwamba umekwisha. Nyumba iliyopasuka leo inaweza kuangushwa na mtikisiko mdogo wa wiki ijayo.

Wanaoishi chini ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro, hasa wakati wa masika, waondoke chini ya kingo mara moja. Mto ukipungua ghafla bila sababu, hama bondeni, kwa kuwa huenda udongo umeuziba juu na maji yanajikusanya. Katesh, chini ya mlima Hanang, Desemba 2023, ilitufundisha tope la mlimani linavyoshuka kwa kasi, na lile lilitokana na mvua bila tetemeko lolote.

Simu zitajaa ujumbe wa sauti unaotaja saa ambayo "tetemeko kubwa zaidi" litapiga. Hakuna mtaalamu popote duniani anayeweza kutaja siku wala saa. Usiusambaze. Taarifa za kitovu na ukubwa zinatolewa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ya Dodoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa inashughulika na mvua na upepo.

Kabla ya kulala ndani tena, zunguka nyumba mchana kwa tochi na penseli. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida. Zinazotisha ni zile za mshazari zinazokatiza matofali, zinazokutana kama herufi X kati ya madirisha, zinazoachanisha kona, au zinazopitisha penseli. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa umegoma nao ni dalili kwamba ukuta umehama. Kwenye nyumba yenye dalili hizo msilale, hata kama mvua inanyesha. Toeni taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na muombe mhandisi wa halmashauri aje.

Kwa nyufa ndogo, chora mstari mfupi wa penseli kwenye kila ncha ya ufa, andika tarehe pembeni, na urudi kuangalia kila asubuhi kwa wiki mbili. Ufa ukivuka mstari, hamisha vitanda vya chumba hicho siku hiyohiyo, na usiufunike kwa lipu mpaka mhandisi au fundi mzoefu auone ulivyo.